Macho ya Subilaga

Siku tuliyomzika Osia Simbeye, hapa Tunduma, mtaa wa Sogea, walikuwepo hawa. Alikuwepo Osia mwenyewe ndani ya jeneza, mpiga picha, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyeniita mama mdogo tangu ajue kusema. Alikuwepo mke wake, Mama Gloria, amekaa kwenye godoro na wafiwa wenzake, khanga imempanda mpaka puani. Alikuwepo Chanda, fundi wa kompyuta wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka asubuhi kwa miguu na koti jeusi la kuazima. Alikuwepo Tumpe Mwampashi, mkulima wa Ibaba kule milimani Ileje, ambaye si ndugu wa Osia kwa lolote. Alipanda magari mawili kuja kumzika mtu aliyempigia mwanawe picha. Alikuwepo Atupele Kajange, mzaliwa wa Chitete, aliyeolewa nyumba ya nne kutoka kwa Osia, amekuja kama jirani na sufuria la wali kichwani. Na mimi Elika, nimewekewa kiti mlangoni kwa sababu ya magoti. Watu walikuwa wengi na majina yao ninayo yote, lakini kwa habari hii hao sita wanatosha. Kati yetu sita mmoja amekufa, watatu tunajua, wawili hawajui.

Jambo lenyewe ni picha. Tumpe ana picha ya binti yake marehemu, Subilaga, imetundikwa ukutani juu ya meza ya vyombo. Hana nyingine, hakuwahi kuwa na nyingine. Kila asubuhi huisalimia kabla hajawasha moto, na mtu akimcheka humwambia mwenye mtoto hai naye asalimie wake. Picha ile imetoka mikononi mwetu, kwenye studio ya Osia, na mimi ndiye ninayejua kila kipande kimetoka wapi. Nimenyamaza miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza, maana kunyamaza si kazi ngumu ukishazoea. Lakini siku ya msiba, wakati wa chakula, kilitokea kitu, nacho nitakieleza mwisho. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Mjukuu wangu amenyoosha herufi, maneno ni yangu.

Watu wakieleza maisha yao huutafuta mwaka wa ujana, wakasema mwaka ule ndio ulionifanya mtu. Ujana wangu ulipita nikilima, sina la kuusema. Mwaka ulionionyesha mimi ni mtu wa namna gani ulinikuta nimefika sitini, nina wajukuu tayari, natafuna kwa upande mmoja. Ndio mwaka Osia aliponiita nije Tunduma nimsaidie studio. Alisema atanipa chumba, na alinipa: kilikuwa nyuma, kati ya jiko na chumba cha kompyuta, kimekatwa kwa mbao nyembamba zile za kubandika, mtu akikuna kichwa upande wa pili unamsikia. Mbele kabisa ndipo walipopigwa picha wateja. Kulikuwa na pazia limechorwa maporomoko ya maji, jingine limechorwa ndege ya abiria imetua, na kiti cha enzi cha plastiki cha rangi ya dhahabu ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya. Maharusi walikaa kwa adabu sana kwenye kiti kile, wakidhani ni utukufu, kumbe wameambiwa wasitikisike wasianguke.

Chakula kilikuwa ugali na kapenta, wale dagaa wanaoletwa kutoka upande wa Zambia, na siku za kazi nyingi maharage, kwa sababu maharage hujipika huku wewe unafanya mengine. Mama Gloria alikuwa na ulimi. Sisemi vibaya juu ya mfiwa, nasema alichokuwa nacho, na mwenyewe hakatai. Aliweza kumpakulia mtu chakula kizuri na kumtia neno juu yake kama chumvi. Mimi aliniambia wiki ya kwanza, "Mama mdogo, kwetu hapa hatukai bure, hata paka ana zamu." Nikacheka. Nilikuwa bado nacheka wakati ule.

Zamu yangu ilikuja kuwa kompyuta, na ilikuja kwa sababu ya majina. Osia alikuwa na jicho la picha ila majina hayakai kichwani mwake. Mteja akirudi alimwita "mama" au "bosi" na kuanza kutafuta picha yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye unga. Mimi mtu akinitajia jina mara moja limeingia, na la baba yake, na alikotoka. Hiyo si akili, ndivyo nilivyozaliwa. Osia alipogundua hilo akamwambia Chanda anifundishe. Chanda alikuwa kijana mpole, mrefu, anainama kabla hajafika mlangoni. Aliniita bamayo, wanavyomwita mama kwa heshima kule kwao, na hakuwahi kuniita vingine. Akaweka programu ya kupanga picha, akaniketisha, akanionyesha kuchomeka kadi ya kamera, kusubiri, kisha kuandika majina chini ya kila picha kwa vidole viwili. Nilikuwa naogopa. Nilidhani nikikosea itapasuka.

Sasa nisikilizeni hapa, maana kila kitu kimekaa hapa. Programu ile ukiipelekea picha huuliza swali. Chanda alinisomea kwa Kiswahili: nichukue nakala niziweke kwangu, au nizihamishie kwangu, au niziache zilipo? Akachagua la tatu, ziachwe zilipo, kwa sababu kompyuta ya Osia tumbo lake lilikuwa dogo. Picha zenyewe zilikwisha kutolewa kwenye kadi zikawekwa kwenye diski ya nje, wanayoiita eksteno, kitu cheusi ukubwa wa nusu mche wa sabuni, kimeunganishwa kwa waya. Na kadi ya kamera ilifutwa ili iende kwenye kazi nyingine. Nikamwuliza, mbona nikiwasha naziona zote humu ndani? Chanda akafikiri, akanipa mfano, nao sijausahau. "Bamayo, umewahi kwenda soko la mahindi? Gunia liko ghalani. Mezani pa dalali kuna kibakuli, ndani kuna konzi moja ya mahindi na kikaratasi cha jina. Hizi unazoziona ni vibakuli. Gunia liko kwenye eksteno. Wakiuza gunia, kibakuli kitabaki pale pale na konzi yake, na mgeni atakayekiona atadhani mahindi yapo." Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa. Nakazia neno hilo kwa sababu baadaye walisema bibi hakuelewa, na mimi nikawaacha waseme.

Mvua zilipokatika tulikwenda Ibaba, Osia na mimi, kwenye kipaimara. Yeye apige, mimi niandike majina kwenye daftari. Kule ni baridi, ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba unakaa kama mgeni. Tulilala kwa Tumpe. Alitupikia viazi na njegere, akatoa na maziwa, na muda wote alikuwa anacheka. Ni mwanamke anayecheka na mabega. Binti yake Subilaga alikuwa na miaka kumi na sita, kimya, mrefu wa shingo, hapendi kutazamwa. Asubuhi ya kipaimara alivaa gauni jeupe na shela fupi, kola imeshonwa kwa mkono na mama yake, upande mmoja umezidi kidogo. Osia akamsimamisha mbele ya ua wa matete. "Tabasamu, binti." Hakutabasamu. "Nitazame basi, mimi sili watu." Akainamisha macho. Tumpe akaja akasimama nyuma yangu, upande wa kulia wa Osia, akavuta masikio yake yote mawili na kutoa ulimi, mwanamke mzima, mbele ya wazee wa kanisa. Mdomo wa yule mtoto ukaanza kulegea. Osia akapiga. Nikaandika: Subilaga Mwampashi, Ibaba, gauni jeupe, peke yake. Tumpe akasema picha ataifuata Tunduma akishamaliza mavuno, hakuna haraka, mtoto si huyu yupo.

Msimu wa arusi ukafika. Eksteno ikajaa. Siku hiyo chumba cha mbele kilikuwa na maharusi na wapambe wao wanaangalia picha za sampuli, na Osia amekaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, anajisikia. Akaniita kwa sauti. "Mama mdogo, futa vilivyomo kwenye eksteno, nataka nafasi ya Jumamosi. Vyote vimeshaingia kwenye kompyuta."

Nikasema, "Baba, havijaingia. Vimeandikwa tu. Chanda alisema picha zenyewe ziko hukohuko kwenye eksteno."

Osia akazungusha kiti akawatazama wageni. "Mnamwona mama yangu huyu? Darasa la tatu. Alipokuja hapa alikuwa anaiogopa feni, leo ananipa semina."

Wakacheka. Bibi arusi alicheka ameweka mkono mdomoni asiharibu rangi. Mama Gloria naye kutoka jikoni, hata hakuja kuona kuna nini, akapaza: "Mama mdogo, maharage yanashika chini huku. Hiyo ndiyo kompyuta yako." Wakacheka zaidi. Osia akaja, akafungua programu, akaizungusha ile orodha ya picha mbele ya macho yangu, watu wote wamejipanga, wanatabasamu. "Hizi ni nini? Si picha hizi? Au una macho ya kulia tu?" Akarudi kwa wageni. "Futa," akasema bila kugeuka.

Mashine ikauliza kama nina uhakika. Mkono wangu ulikuwa pale. Ningeweza kusema mara ya pili. Ningeweza kumpigia Chanda, namba yake ilikuwa imeandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu. Ningeweza kwenda kugeuza maharage nikasahau, mzee akisahau nani atamshangaa. Nilijua ninachokifanya kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Nilisema moyoni, acha aone. Nikabonyeza. Ule mstari wa kijani ukaanza kutembea polepole. Nikaenda jikoni nikageuza maharage, nikaongeza maji, nikarudi, ulikuwa bado unatembea. Majina ya watu wale wote nilikuwa nimeyaandika mimi, kwa vidole vyangu viwili, na dakika ile hakunijia hata mmoja. Nilikuwa namwona Osia tu. Nisiwafiche: mchana ule nilipika nikiimba.

Osia alikuja kujua baada ya majuma mawili, mteja mmoja alipotaka picha isafishwe upya. Alipobonyeza ili aikuze, mashine ikamwambia faili lenyewe halipatikani. Akabonyeza nyingine, na nyingine. Akamwita Chanda, akamtukana mpaka jasho likamtoka yeye mtukanaji. Chanda akanitazama mimi. Mimi nikautazama ufagio. "Bibi wa watu hakuelewa," Mama Gloria akasema, "kosa lenu mmempa mzee kitu cha umeme." Kuanzia hapo kila aliyeuliza aliambiwa kirusi cha kompyuta kimekula picha, na watu waliondoka wakikilaani kirusi. Nilidhani nitafurahi kumwona Osia amevimba uso. Furaha ilidumu kama siku tatu, kisha nikawa nakula chakula hakina ladha, nikasema labda ni meno.

Tumpe alikuja wakati wa vumbi. Alikuja na kaka yake, Lusekelo, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Hakuwa anacheka. Subilaga alikuwa amekufa juzi yake, homa ya siku tatu, mwili bado uko hospitali, wanamzika kesho kutwa. Alikuwa amekuja kuchukua picha. Kwetu jeneza haliendi kaburini bila picha ya marehemu mbele yake, mtu ameishika kifuani, watu waone wanamsindikiza nani. Asiye na picha huzikwa, ndiyo, lakini wanawake husema amekwenda kama mgeni.

Osia akawasha kompyuta. Mimi mwenyewe nikaandika jina, na Subilaga akatokea, mdogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na gauni lake jeupe. Tumpe akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Ndiyo huyo," akasema. "Mwanangu yumo humu. Lusekelo, njoo uone, yumo." Akaweka kiganja juu ya kioo, akamfunika kabisa. "Osia mwanangu, ikuze."

Osia akabonyeza. Nikaona yale maneno yakitokea. Akayafunga haraka, akasema mashine imechoka, mama, kaeni kwanza mpate chai. Nikawatilia chai. Sikumwaga hata tone, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka. Kisha Osia akaniita jikoni, na Mama Gloria alikuwa huko anakatakata mboga.

"Waambie kirusi," Mama Gloria akasema, hakuinua kichwa.

"Kirusi cha nini, huyu ana msiba. Akilia pale mlangoni mtaa mzima utajaa. Nani ataniletea arusi tena?"

"Basi kuza hicho kidogo."

"Nimekikuza. Kinakuwa miraba mitupu. Mdomo unaonekana kidogo, gauni linaonekana. Macho hamna, ni vigae viwili vya kahawia."

Mama Gloria akaweka kisu chini. "Kumbe shida ni macho. Macho mnayo mangapi humo ndani yanakaa bure?" Osia akageuka kwangu. "Mama mdogo, wewe si ndiye kitabu cha majina ya watu? Nani anafanana na huyo mtoto?"

Sikufikiri hata kiasi cha kumeza mate. "Atupele Kajange," nikasema. "Wa Chitete. Mahafali ya shule, mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto. Alipigwa na peke yake pia. Ile ipo, ilipigwa baada ya kufuta." Hivyo hivyo, kama mwanafunzi anayeinua mkono darasani. Na sikuwa nimelazimishwa. Nilikuwa nimeulizwa kitu ambacho mimi peke yangu nilikijua, na wote wawili walikuwa wananitazama wanangoja, na niliona fahari. Miezi miwili nilikuwa bibi asiyeelewa. Nilitaka kuelewa mbele yao.

Chanda aliitwa akaja mbio. Akaelezwa. Kisha akaniuliza mimi, si Osia, "Bamayo, huyu aliye hai anajua?"

"Hajui."

"Na aliyekufa?"

"Huyo ndiye kabisa," Mama Gloria akasema kutoka mlangoni.

Alifanya kazi ile tangu saa nane mpaka jua linaelekea kuzama, huku mimi nawapa wageni chai ya pili na ya tatu na kuwaambia wavumilie. Alichukua macho na paji la uso la Atupele, akayashusha chini ya shela la Subilaga. Mdomo aliuacha wa Subilaga, akaulainisha. Kola iliyozidi upande mmoja aliiacha. Nilisimama nyuma yake nikiona mtu anatokea ambaye hakuwahi kuzaliwa, na ni mzuri, na anakutazama usoni moja kwa moja. Alipomaliza alikunja waya zake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unajua, bamayo. Nilikueleza kwa mahindi." Hakukanyaga tena studio ile mpaka siku ya msiba wa Osia.

Picha ikasafishwa kubwa, ikatiwa kwenye fremu. Tumpe akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama mpaka Osia akaanza kupiga miluzi ya woga, asisikie kimya.

"Amependeza," Tumpe akasema. Halafu akasema, "Sikujua kama aliitazama kamera. Mimi nakumbuka alinitazama mimi."

Lusekelo naye akasogea. "Macho yamekuwa makubwa," akasema taratibu.

Mama Gloria akatoka jikoni anajifuta mikono, akamshika Tumpe bega, kwa upole kabisa, ungedhani ni dada yake. "Pole, mama. Mfiwa hukumbuka anavyotaka. Picha haikosei, ni kumbukumbu ndiyo inayokosea."

Tumpe akatazama picha tena, akatazama chini. "Ni kweli," akasema. "Kichwa changu siku hizi si kizima. Ndaga, asante, mwanangu Osia. Ndaga sana." Akampigia Osia magoti. Kisha akanipigia mimi.

Nilikwenda Ibaba kuzika. Mtoto wa Lusekelo aliibeba ile picha mbele ya jeneza, na ukungu ulikuwa mwingi, kwa hiyo tuliokuwa nyuma tuliona fremu tu inaelea. Kando yangu walisimama wasichana waliopata kipaimara pamoja na marehemu. Mmoja, jina lake Neema Kibona, alisema, "Mbona siyo Subi?" Mama yake akamfinya mkono mpaka akatoa machozi, na watu wakadhani analia msiba. Hakuna aliyesema tena. Nadhani hata Neema sasa, akimkumbuka rafiki yake, anamkumbuka na macho yale. Ndivyo picha inavyofanya. Inangoja uchoke, kisha inakaa mahali pa mtu. Mwaka ulipoisha niliondoka kwa Osia. Nilisema ni magoti.

Sasa nirudi kwenye msiba wake. Tulikuwa tumetoka kaburini, tumenawa, wali unapakuliwa. Mbele ya jeneza ilitangulia picha ya Osia, imepigwa na simu ya binti yake Gloria, safi mpaka ndevu zinahesabika. Tumpe alikuwa ameketi mkekani karibu na kiti changu, ananieleza habari za viazi vilivyooza kwa mvua. Akanyamaza katikati ya neno. Atupele alikuwa anakuja na sinia, amevaa kitenge cha njano, anainama kwa kila mtu.

"Dada Elika," Tumpe akasema, "wewe mwenye majina ya watu wote. Yule binti wa kitenge cha njano ni mtoto wa nani?"

Mimi ambaye nimetaja hapa hata aliyefinywa mkono makaburini. Nikasema, "Simjui, mdogo wangu."

Basi akamwita mwenyewe. Atupele ana adabu, akapiga magoti na sinia lake. Tumpe akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga kama alivyoigeuza ile fremu mlangoni. "Nitazame, mama. Usiogope. Nitazame hivyo hivyo." Na Atupele akamtazama, moja kwa moja usoni. Tumpe akaanza kulia bila sauti, na mabega yake yale. "Mungu ni wa ajabu," akasema. "Nilikuwa na mtoto mwenye macho haya. Angekuwa na umri wako." Atupele naye akalia, wasichana wa siku hizi wana huruma kuliko sisi. Nikamwona Chanda ng'ambo ya mkeka anaweka sahani yake chini, haijaguswa, anatoka nje. Nikamwona Mama Gloria juu ya khanga yake, ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na neno.

"Uje Ibaba," Tumpe akamwambia. "Nina picha yake. Nitakuonyesha, utajiona." Atupele akaahidi. Ataenda mahindi yakishavunwa, na akasema atamletea na picha zake mwenyewe, za tangu shuleni, waziweke pamoja.

Mahindi sasa yanakauka shambani. Atupele atabeba picha ya mahafali, nayo ataiweka mezani chini ya ile ya ukutani, na Tumpe ataziona zote mbili. Ningeweza kumwambia kwa mdomo nilipokuwa nimekaa naye mkeka mmoja, mkono wake ukiwa juu ya goti langu bovu. Sikumwambia. Ndiyo maana nimeandika, na nakala ya kwanza ya maneno haya nampelekea Mwalimu Lusekelo amsomee dada yake kabla mgeni hajafika. Amsomee asubuhi, akishawasha moto.

Kwenu ninyi wengine mliokuwepo kwenye kipaimara, Neema Kibona, wazee wa kanisa, mwenye ua wa matete, na yeyote aliyempiga Subilaga picha siku ile Ibaba hata kwa bahati mbaya, hata kama mtoto anaonekana kwa mbali nyuma ya watu: kama nimekosea jina, nirekebisheni, sitakasirika. Kama nimekosea gauni au kola, semeni. Mimi nakumbuka hivi. Tumpe alisimama nyuma yangu anavuta masikio yake, na Subilaga hakuitazama kamera. Alimtazama mama yake. Mwenye kukumbuka vingine na aseme.